Cherehani yangu kuitwa "primitive" na mtu ninayemdai? HAPANA!

FundiKanyaga: Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Yule dada mnamjua, sitaji jina, yule aliyekaa Ulaya miezi michache akarudi kasahau hata kumenya embe. Kaingia kibandani leo nikiwa namalizia pindo la gauni LAKE la sendofu. Kaiangalia cherehani yangu ya kukanyaga, kabana pua utadhani nafuga beberu humo ndani, kisha: "So primitive!" Mbele ya wateja! Mwanafunzi wangu kakimbilia simu kutafuta maana, halafu kaisoma KWA SAUTI: duni, isiyoendelea, ya watu wa kale.

Watu wa kale! Mimi! Umeme umekatika tangu asubuhi, wenye mashine za umeme wako nje wanacheza bao, anayeshona mtaa mzima ni mimi peke yangu, halafu ananibania pua! Na salio hajalipa. Mbele ya wateja, wakuu!

PilipiliHoho: Pole fundi. Ila gauni langu la Idi ulinipa Idi imeshapita, kwa hiyo hapo kwenye "duni" sitii neno.

MzeeWaKodi: Kwenye Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, primitive ni aina nane za data, int, boolean na wenzake. Programu nzima inasimama juu yake. Umesifiwa, mkuu.

FundiKanyaga: Alibana PUA! Java inabana pua?

Nshomile_1: Sisi Kagera tuliyeyusha chuma karibu miaka 2000 iliyopita, hewa inapata moto kwenye mirija ya udongo ndani ya tanuru. Watafiti wa Marekani wakaja kuliandika 1978 kana kwamba ni habari mpya. Huyo dada mlete Bukoba.

PilipiliHoho: Mhaya kaingia. Uzi umekwisha.

Mama Ubuyu: Afadhali wewe fundi. Mimi bosi kaniita "local" kwa kula ugali kwa mkono, wakati yeye kila Ijumaa anaagiza kuku wa kienyeji, tena bei juu kuliko wa kisasa!

Bwana Shamba: Bosi wako anauziwa chotara huyo.

Mama Ubuyu: Weee! Nitamjuaje?

FundiKanyaga: Jamani, cherehani...

MzeeWaKodi: Fundi subiri kidogo. Bwana Shamba, anajulikanaje?

Bwana Shamba: Mchemshe. Akilainika ndani ya nusu saa, umepigwa.