Mgeni wa milima: Marangu siku 5, Machame siku 7, au nianze na Meru?

Zai_wa_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Ofisini watu tisa wamejipanga kupanda Kilimanjaro kwenye safari ya Desemba 9, nami nimejikuta nimeshaandikisha jina. Mlima pekee niliowahi kupanda ni Uluguru, nikaishia Morningside, na kesho yake ngazi za ofisini nilizishuka kinyumenyume. Nina miaka 34, sina presha wala pumu.

Mezani kuna Marangu siku 5, ndiyo nafuu na ndiyo wengi wanaitaka, wanaiita njia ya Coca-Cola, unalala kwenye vibanda. Kuna Machame siku 7, mahema, na bei imepaa kwa sababu ya siku mbili za ziada. La tatu ni wazo langu mwenyewe: niwaache waende, mimi nianze na Meru siku 4. Mngechagua ipi?

Kibo_Chini
Marangu, mchana kweupe. Kitanda, godoro, meza ya kulia. Machame ikinyesha utalala kwenye hema lenye tope umkumbuke mama yako.

Mgumu_Mstaafu
Dada Zai, nimebeba mizigo miaka sita na kuongoza wageni miaka kumi na mmoja, njia zote mbili. Ndugu hapo juu anisamehe, Marangu ni rahisi kwa miguu, kwa mapafu hapana. Angalia unapolala: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo kama 4,720. Kila siku unaongeza mita elfu. Usiku wa Kibo hujasinzia vizuri unagongewa mlango, twende kilele cha Uhuru, 5,895. Mwili haujapata hata nafasi ya kushangaa.

Machame siku ya tatu unapanda mpaka Lava Tower, mita 4,600 hivi, unakula mchana huku kichwa kinagonga, halafu unashuka kulala Barranco kwenye 3,900. Kule kushuka ndiko dawa yenyewe. Kesho yake kuna ukuta wa Barranco, mikono na magoti, wageni wanauogopa sana na karibu wote wanafika juu wakicheka. Anayerudishwa mara nyingi si yule mwenye miguu dhaifu. Ni kijana wa mazoezi aliyekimbia siku mbili za kwanza.

Shose_Moshi
Mimi ni shahidi. Mlima nauona dirishani tangu nizaliwe, nikadhani tunafahamiana. Marangu siku 5. Mpaka Horombo nilikuwa naimba. Kibo supu ilinishinda. Saa sita usiku tukaingia kwenye changarawe, unapiga hatua moja, nusu yake inarudi. Maji kwenye mrija yaliganda kabla hatujafika pango la Hans Meyer.

Gilman's Point, ukingoni mwa kreta kabla ya kilele, mita 5,685, nilifika jua linachomoza. Nikatapika. Mwongozaji akaniuliza leo siku gani, nikamtajia jina la binti yangu. Akanigeuza palepale, hakutaka mjadala. Nilimchukia njia nzima mpaka Horombo, pale kichwa kilipoachia nikamnunulia soda. Cheti cha Gilman's ninacho, kipo kabatini chini ya vitenge.

Kibo_Chini
Pole dada. Ila siku mbili zaidi ni pesa, hamuoni? Mwaka 1961 Nyirenda alipeleka bendera na Mwenge kule juu, mnadhani aliulizia siku za kuzoea?

Shose_Moshi
Nyirenda alikuwa luteni wa jeshi. Zai anapanda daladala.

Wa_Nanyuki
Majirani, naomba kuingilia kutoka Kenya. Kwa mtu wa mara ya kwanza, mbona hamtaji Point Lenana ya Mlima Kenya? Ni mita 4,985, mwinuko unauonja bila kufika karibu 6,000. Apite njia ya Sirimon, alale kambi ya Old Moses kisha Shipton's, aongeze usiku mmoja kabla ya kilele. Njia ya Naro Moru asiiguse, pana mteremko wa tope na majani ambao uliondoka na soli ya kiatu changu cha kushoto.

Mgumu_Mstaafu
Lenana ni safari nzuri, sina ubishi. Ila dada yetu ana kundi na tarehe.

Kuhusu Meru: watu wanauita mazoezi kwa sababu ni mfupi, mita 4,566. Unaanzia Momella, unatembea na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati, unalala Miriakamba na Saddle kwenye vibanda vizuri. Usiku wa kilele unapita ukingo mwembamba, kreta iko upande mmoja, na gizani huoni chini ila unajua ipo. Kama kimo kinakutetemesha, pale utalia kuliko Kibo. Ukiupanda wiki moja kabla ya Kilimanjaro unasaidia sana, mwili unakuwa umeshaonja. Kuupanda badala yake kwa kuwa ni rahisi, hapana.

Halafu Desemba mwanzoni vuli haijaisha, hapo Kibo_Chini ana hoja na vibanda vyake. Ningekuwa nachagua mwezi ningesema Januari au Februari.

Zai_wa_Tabata
Na Marangu siku 6? Mwandaaji wa safari anasema inawezekana, usiku mmoja wa ziada Horombo.

Mgumu_Mstaafu
Hiyo ndiyo ulitakiwa uandike mwanzo! Siku ya ziada msishinde mmelala vibandani. Pandeni mpaka kwenye miamba ya pundamilia, juu ya mita 4,000, kaeni kidogo, rudini Horombo kulala. Machame siku 7 bado naiweka mbele, lakini kwa mvua ya Desemba na watu tisa wasiozoea mahema, Marangu siku 6 naipitisha. Siku 5 siipitishi hata kwa bure.

Mkifika Kibo, mtu akianza kuyumba kama mlevi, au akakohoa povu, au anahema akiwa amekaa tu, anashuka saa hiyohiyo. Usiku, mvua, haijalishi. Asisubiri kupambazuke ili asiwaudhi wenzake.

Zai_wa_Tabata
Nimeongea nao. Watano tunakwenda siku 6, wanne wameng'ang'ania 5. Swali la mwisho: nimepata buti za mtumba Karume, imara, ila zimezidi nusu saizi.

Shose_Moshi
Koti zito usinunue Dar, utakodi Moshi.

Mgumu_Mstaafu
Nusu saizi ndiyo inatakiwa, utavaa soksi nene. Kata kucha za miguuni. Siku ya kilele mnashuka kutoka Uhuru mpaka Horombo, zaidi ya mita 2,000, vidole vinagonga mbele njia nzima, nimeona wageni wazima wakishuka bila kucha. Na buti zianze kuvaliwa leo, hata kwenda sokoni.

Zai_wa_Tabata
Ninazo miguuni sasa hivi. Konda ameniuliza kama nashukia Tabata au Kibo.