Pesa za kuwanusuru wasanii wakati wa Korona: fundi aliye nyuma ya jukwaa ahesabiwe vipi?

Fundi wa Sauti, Mombasa

Assalaam aleikum, ndugu zangu.

Ninaomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka 2020. Mimi ni fundi wa sauti. Kwa zaidi ya miaka 20 nimefunga spika na kutandaza nyaya kwenye harusi, hoteli za ufukweni na matamasha ya Pwani, na sasa ni katibu wa kikundi chetu kidogo cha mafundi mitambo na wapigaji wanaokodishwa kwa siku. Tunaandika waraka wa kuwasilisha katika Bunge la Kaunti. Tunataka, endapo kumbi zitafungwa tena kwa sababu ya maradhi au janga jingine, pawe na utaratibu ulioandikwa mapema wa kuwafikia watu wote wanaoishi kwa maonyesho ya jukwaani, wakiwemo wale ambao nyuso zao hazijulikani.

Wengi mtakumbuka tulivyoanza. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, mikusanyiko ikapigwa marufuku, na kuanzia tarehe 27 mwezi huohuo tukawekewa kafyu ya saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Taarabu ya harusi huku kwetu haianzi kabla ya sala ya isha. Hata saa zilipolegezwa, kazi ya usiku haikurudi sawasawa hadi kafyu ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, yaani baada ya takriban miezi 19.

Tarehe 6 Aprili 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shilingi milioni 100 zingetolewa kutoka Mfuko wa Michezo kwa ajili ya wasanii, waigizaji na wanamuziki. Nilifurahi kama wenzangu wote. Lakini ukilisikiliza tangazo lile kwa makini, lengo lake lilikuwa kuwawezesha waendelee kuwaburudisha wananchi kupitia televisheni, redio na intaneti. Pesa zililenga kazi mpya itakayoonekana, na kazi iliyopotea haikutajwa. Fomu moja niliyoletewa na rafiki ilitaka kiungo cha wimbo au video niliyotoa. Sijawahi kutoa wimbo. Sauti za waimbaji wengi mnaowapenda zimepita mikononi mwangu, lakini jina langu halimo popote.

Wakati huo nilikuwa nimeshapokea arubuni za harusi nne. Arubuni ya kwanza nilikuwa nimeinunulia kebo, na jamaa za bibi arusi walipokuja kuidai, kwa haki yao kabisa maana duka lao nalo lilikuwa limefungwa, ilinibidi niuze spika mbili za jukwaani kwa bei ya kutupa. Mikseri ilibaki sebuleni imefunikwa leso ya mke wangu, na kila nilipoifunua niliona kutu imezidi kwenye matundu ya kuchomekea nyaya, kwa sababu chombo cha Pwani kisipowashwa huliwa na hewa ya bahari.

Maswali yangu ni haya. Ni nchi gani zilizofaulu kuwafikia watu kama sisi, na zilifauluje? Na mtu asiye na hati ya mshahara, asiye na wimbo wala mrabaha, athibitishe vipi kwamba hii ndiyo kazi yake?

Mtu wa Taa, Lyon

Ndugu Fundi, pole sana. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, na ninafanya kazi ya taa katika kumbi za maonyesho hapa Ufaransa. Nitaeleza mambo yalivyokuwa huku, kwa sababu ninaamini jibu la swali lako la pili limo humo.

Hapa kuna bima ya ukosefu wa kazi iliyotengenezwa mahsusi kwa watu wanaoajiriwa siku mbili hapa na siku tatu kule. Ukifikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12, unastahiki posho kwa siku ambazo huna kazi. Inaweza kukufariji kujua kwamba utaratibu huu ulianza mwaka 1936 kwa ajili ya mafundi wa sinema, na wanamuziki na waigizaji waliingizwa baadaye. Hadi leo kanuni zake zina viambatisho viwili: cha 8 cha mafundi na cha 10 cha wasanii. Fundi hakukaribishwa kwa hisani, bali alikuwemo tangu msingi unachimbwa.

Kumbi zilipofungwa mwezi Machi 2020, tatizo lilikuwa wazi: utazipata wapi saa 507 wakati hakuna onyesho hata moja? Tarehe 6 Mei 2020 Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba haki zetu zingeendelea hadi tarehe 31 Agosti 2021, na baadaye muda huo ukasogezwa hadi mwisho wa mwaka 2021. Mimi sikujaza fomu ya kuomba huruma, wala sikutakiwa kuonyesha kwamba najulikana. Posho iliendelea kuingia kwa sababu saa zangu zilikuwa zimeshaandikwa, moja baada ya moja, kabla ya mtu yeyote kulisikia jina la ugonjwa huo.

Lililo muhimu zaidi kwenu ni namna saa hizo zinavyoandikwa. Hata chama kidogo cha kijiji, ambacho kazi yake si sanaa, kikimwita mpiga akodiani na fundi mmoja kwa sherehe ya jioni moja, kinapaswa kupitia dirisha moja la serikali linaloitwa GUSO. Kwa tamko hilo moja mwajiri wa siku moja analipa michango yote, na saa za kila mfanyakazi zinaingia kwenye kumbukumbu.

Sitaki mdhani kwamba hakuna aliyeachwa. Vijana waliokuwa ndio kwanza wanaingia kazini na hawajafikisha saa zao walipata taabu kubwa. Mwezi Machi 2021 watu wa sanaa waliikalia Odéon, ukumbi wa maonyesho wa Paris, na baada yake makumi ya kumbi nchini kote, wakidai muda uongezwe na wasiokuwamo nao wafikiriwe. Nilikuwa mmoja wa waliolala sakafuni katika ukumbi wa mji wetu.

Mpiga Kinanda, Leipzig

Nami niongeze la Ujerumani, kwa sababu linaonyesha jinsi mfuko mnono unavyoweza kumpita mtu aliyekusudiwa.

Msaada wa dharura wa serikali kuu, uliotangazwa Machi 2020, ulimruhusu mtu aliyejiajiri kupata hadi yuro 9,000 kwa miezi mitatu. Fedha hizo zilikuwa za gharama za biashara: pango la ofisi, mkopo wa gari, mashine za kukodi. Chakula na kodi ya nyumba unayolala havikuhesabiwa. Nilikaa mbele ya fomu ile usiku mzima. Ofisi yangu ni pembe ya chumba cha kulala, kinanda nilishakilipia miaka mingi iliyopita, na gharama yangu kubwa ya kila mwezi ni kula. Nilipomaliza kujumlisha, kiasi nilichostahiki kilikuwa kama sifuri, ilhali nilikuwa nimepoteza maonyesho yote ya msimu. Wenye hali kama yangu tulielekezwa kwenye posho ya watu wasio na kipato.

Kosa hilo lilirekebishwa mwaka 2021, ulipoanzishwa msaada mwingine wa hadi yuro 7,500 kwa miezi sita ya mwanzo, uliokokotolewa kwa kutazama mapato ya 2019 bila kuuliza habari za ofisi. Huo ulinifaa kweli. Tazama tofauti yake: msaada wa kwanza uliuliza "unatumia nini?", na wa pili ukauliza "umepoteza nini?". Katika waraka wenu, ndugu Fundi, sisitizeni swali la pili.

Rafiki yangu mpiga besi aliye Uingereza alikwama kwa njia nyingine. Kule waliojiajiri walilipwa asilimia 80 ya wastani wa faida yao, hadi pauni 2,500 kwa mwezi, lakini katika awamu za mwanzo ilikuwa lazima uwe na hesabu za kodi za mwaka 2018–19, na angalau nusu ya kipato chako kitokane na kujiajiri. Yeye hufundisha shuleni siku tatu na kupiga muziki usiku. Mshahara wa shule ulizidi kidogo malipo ya jukwaani, akatolewa. Nani miongoni mwetu hana kibarua cha pili?

Bi Mkubwa wa Taarabu, Unguja

Mwanangu Fundi, nimekusoma nikayakumbuka mengi. Sisi Tanzania mikusanyiko ilizuiwa mwezi Machi 2020 na shughuli zikaanza kurudi mwezi Juni, kwa hiyo hatukufungiwa muda mrefu kama nyinyi, ila sisi tunaopiga katika hoteli tulikaa sana bila kazi kwa kuwa watalii hawakuja.

Nina mambo mawili. La kwanza ni tunzo. Wenzetu wa Ulaya wanazungumzia saa na mapato yaliyoandikwa, lakini mwimbaji wa taarabu hapati riziki yake yote kwenye makubaliano ya malipo. Wimbo ukimgusa mtu, huinuka na noti mkononi, huja akicheza taratibu hadi mbele, akamtunza mwimbaji, na mwingine huinuka ili asipitwe. Usiku mwema, tunzo hushinda malipo yenyewe, na sehemu yake hugawiwa wapigaji. Pesa hizo haziandikwi. Ukisema mtu alipwe kulingana na mapato yake ya mwaka uliopita, mwimbaji wetu ataonekana kapoteza kidogo, na nyumbani kwake njaa inajua kapoteza kiasi gani. Afadhali wahesabu siku alizofanya kazi na kulipa kiwango kimoja kwa siku, kwa mwimbaji, kwa mpiga zumari na kwa fundi.

La pili ni hilo daftari la kuandikia majina na saa za kazi, kama la Ufaransa. Nawaombeni mlitazame kwa jicho la hadhari. Huku kwetu chombo kinachosimamia sanaa ni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni (sensa hapo maana yake ni ukaguzi), na jina lake linaonyesha kwamba usajili na ukaguzi wa kazi vinakaa nyumba moja. Sisemi kwamba kuna aliyeonewa. Ninasema kwamba mtu anayeogopa mashairi yake yatakaguliwa anaweza kuacha kujiandikisha, na siku ya msaada jina lake halitakuwapo. Tena msaada ukipitia kwa kiongozi wa kikundi, hufika ukiwa umepungua. Nilikuwa katika kikundi kimoja kilicholetewa mchele na mafuta, na wapigaji wawili vijana walipata habari baada ya magunia kwisha. Kila mtu alipwe kwa simu yake mwenyewe.

Mhasibu wa Matamasha, Nairobi

Nimenufaika sana na majibu haya, ingawa ninatofautiana kidogo na ndugu wa Lyon. Bima ya Ufaransa inasimama juu ya michango ya waajiri na wafanyakazi kwa miaka mingi, na kaunti haina uwezo wa kisheria wala wa kifedha wa kuianzisha. Mkiiweka kwenye waraka, wajumbe watausifu kisha wataufungia kabatini.

Tuanze na hesabu ndogo. Shilingi milioni 100 zikigawiwa watu 10,000, kila mmoja anapata shilingi 10,000 mara moja, na kufungwa kulichukua mwaka mmoja na nusu. Uganda walikaa zaidi ya hapo, kwani matamasha na baa vilifunguliwa mwishoni mwa Januari 2022. Kwa hiyo msiahidi mfuko wa kumlisha kila mtu hadi mwisho. Afrika Kusini wametuachia somo chungu: Baraza la Taifa la Sanaa lilipewa randi milioni 300 za kutengeneza na kulinda ajira, likaidhinisha maombi yaliyozidi fedha zilizokuwepo, kisha likawaambia watu kwamba watapata pungufu ya walichoahidiwa. Mwezi Machi 2021 wasanii, mwimbaji wa opera Sibongile Mngoma akiwa mstari wa mbele, waliingia katika ofisi za baraza hilo Johannesburg na kukaa humo siku 60.

Kinachowezekana ni dirisha dogo linalofanana na lile la GUSO. Mwandaaji wa tamasha anayetaka kupiga muziki kwa sauti kubwa huomba kibali. Ongezeni ukurasa mmoja kwenye fomu hiyo: majina ya wote watakaofanya kazi usiku huo, kazi ya kila mmoja, na nambari ya simu. Hapo mnakuwa mmesajili siku za kazi, na hakuna anayehitaji kuwa maarufu ili aingie. Harusi za majumbani zisizo na kibali mzitafutie njia nyingine, labda risiti yenye sahihi ya mwenye shughuli.

Fundi wa Sauti, Mombasa

Nawashukuru nyote kwa dhati. Shikamoo Bi Mkubwa. Nitaandika kiwango kimoja kwa siku ya kazi kama ulivyoshauri, na kifungu cha kwamba orodha ya fomu ya kibali isitumiwe kukagua mashairi wala kudai ada ya usajili. Hilo la tunzo tulikuwa tumelisahau kabisa, na nusu ya kikundi chetu wanaishi kwa tunzo.

Ndugu Mhasibu, ukurasa wa fomu ya kibali ndio utakaokuwa kiini cha waraka. Kwa harusi za majumbani, ninalo daftari langu la mwaka 2019, ambamo nimeandika kila shughuli: tarehe, mtaa, arubuni, na majina ya vijana niliowachukua kubeba na kufunga vyombo. Jumamosi tutakutana kwangu tulinganishe madaftari yetu, tuone kama shughuli moja imeandikwa na fundi, mpiga kinanda na mkodishaji viti kwa tarehe ileile. Ikiwa zinalingana, tutaambatanisha nakala kama ushahidi kwamba kazi hii huacha kumbukumbu hata pasipo hati ya mshahara.

Ndugu wa Lyon, ukiweza kunitumia sura ya fomu tupu ya GUSO, nitapenda kuona wameuliza mambo mangapi, maana yetu isizidi ukurasa mmoja.