Tupeane uzoefu: ukiulizwa "kwenu wapi?" unataja mkoa gani, na moyoni unasikiaje?

Njiapanda_Makambako (mleta mada)

Wakuu, kamwene. Kwa wasiojua, hiyo ni salamu ya kwetu na jibu lake ni hilohilo, kamwene.

Juzi nimeenda kwenye ofisi moja kushughulikia karatasi za mtoto. Karani kachukua cheti changu cha kuzaliwa, kachukua na kitambulisho, kaviweka sambamba mezani kama mtu anayelinganisha jozi ya viatu mtumbani. Cheti kinasema mkoa Iringa, wilaya Njombe. Kitambulisho kinasema mkoa Njombe. Akaniuliza, "Sasa baba, wewe kwenu Iringa au Njombe?" Nikamwambia kwetu Makambako. "Sijauliza mji, nimeuliza mkoa."

Wakuu, mimi sijahama. Nyumba niliyozaliwa ipo palepale, kutoka barazani unasikia treni ya TAZARA ikipita na malori ya Songea yakiachana na ya Mbeya. Mkoa ndio uliohama. Mwaka 2012 serikali ilianzisha mikoa minne kwa mpigo, yaani Njombe, Katavi, Simiyu na Geita. Nililala mtu wa Iringa nikaamka mtu wa Njombe. Na sijui kwa nini, mpaka leo nikisema "natoka Njombe" nasikia kama nataja kwa jirani.

Karani kanirudisha nikalete uthibitisho, sijui uthibitisho wa nini. Ndipo nikasema nije niwaulize wenzangu. Mkoa wako unautaja kwa kujidai, kwa kuona haya, au unabadilisha mazungumzo? Sitaki vivutio vya utalii, hivyo vimo kwenye vipeperushi. Shusheni visa.

Dada_wa_Ufipa

Ngoja nianze mimi, maana najua uzi huu mtanifikia tu. Kwetu Sumbawanga.

Haya, chekeni mmalize, najua mkisikia jina hilo mnawaza uchawi tu.

Nilipoajiriwa Dar, siku ya kwanza tulizunguka mezani kila mtu ajitambulishe. Waliotoka Mbeya, sawa. Tabora, sawa. Nilipotaja Sumbawanga, mzee wa uhasibu akavuta kiti chake nyuma, kwa utani, lakini kakivuta kweli. Tangu siku hiyo nikichelewa kazini naulizwa kama ungo ulipata pancha. Mvua ikinyesha na radi ikipiga, ofisi nzima inanitazama mimi. Mwanzoni nililia chooni, sitaki kudanganya. Baadaye nikagundua faida: chakula changu kwenye friji ya ofisi hakiguswi. Vya wenzangu vinaibwa mpaka vifuniko.

Kinachoniuma ni kwamba hakuna anayeniuliza kitu kingine. Kwetu kuna baridi ya kukufanya uoge kwa kujishauri. Bibi yangu alikuwa akipanga maharage kwa rangi kwenye vikapu saba, na mjukuu akichanganya anarudishwa kuchambua usiku kwa koroboi. Wazee wanasema jina lenyewe la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Yaani mji umeitwa kabisa kwa jina la kuukataa, na bado!

Halafu huyo mleta mada analalamika kukatiwa mkoa. Sisi mwaka huohuo 2012 walipokata Katavi kutoka Rukwa yetu, wa Mpanda waliondoka na mbuga yenye viboko na simba. Sisi tukabaki na ungo.

Bandari_Salama

Nimecheka hilo la friji mpaka mtoto kaamka.

Mimi sina mkoa. Nimezaliwa Temeke, nimesoma Temeke, nimeoa Temeke. Baba Mkurya wa Tarime, mama Mngoni wa Songea. Mtu akiniuliza kwenu wapi nikajibu Dar, anatabasamu kidogo, halafu anakuja na lile neno: "Hapana, kwenu *hasa*?" Hilo "hasa" nalichukia jamani.

Mwaka juzi babu kafariki, nikaenda Tarime, mara ya tatu tu maishani. Nimefika msibani, wazee wananisalimia Kikurya, mimi natabasamu tu kama mgeni wa serikali. Shangazi mmoja akauliza kitu, watu wakaangua kicheko. Binamu yangu akanitafsiria: "Anauliza huyu wa Dar atashika jembe la kufukia kaburi au tumletee glavu." Nililishika. Viganja vilichubuka vyote viwili, nikavificha mfukoni siku mbili.

Nimerudi Dar, konda wa daladala kaniuliza kwa utani, "Mkurya wewe, mbona mpole?" Kule si mwenyeji, huku si mwenyeji. Nimeamua kusema kwetu Temeke, basi. Dar si kwao na mtu.

Mwana_Chamazi

Mkuu hapo juu, pole na msiba. Ila hilo la "Dar si kwao na mtu" liondoe. Wazaramo tupo, tunasoma uzi kimyakimya. Shamba la babu yangu Chamazi lilikuwa la mihogo na mikorosho, leo lina maghorofa na msikiti wa waliokuja juzi. Makaburi yetu yako katikati ya ua wa mtu mwingine, tukitaka kuzuru tunabisha hodi getini, mlinzi anatuuliza "mnatoka wapi?"

Bandari_Salama

Nimeliondoa mkuu. Samahani.

Mwisho_wa_Reli

Kigoma hapa. Mimi mkoa wangu naupenda, shida ni kwamba nchi hainiamini ninapoutaja.

Mara ya mwisho natoka likizo, basi likasimamishwa kwenye kizuizi. Wakaingia maofisa wawili. Abiria arobaini na kitu, walioambiwa washuke tulikuwa sita, wote wenye sura kama yangu na lafudhi kama yangu. Nikatoa kitambulisho. Kakigeuza mbele na nyuma, kaniuliza, "Mwenyekiti wa kijiji chenu nani?" Nimetaja. "Shule ya msingi ulisoma wapi? Mwalimu mkuu nani?" Nimetaja. "Babu mzaa baba kazikwa wapi?" Hapo nikaona huyu anataka nimchorelee ramani ya makaburi. Mama mmoja kati yetu sita Kiswahili chake kilikuwa kizito, yeye Kiha ndicho anachokijua. Wakamweka pembeni peke yake. Basi lilimsubiri dakika ishirini, dereva akawa anapiga honi, na sisi tuliokwisha kuruhusiwa tukapanda tukakaa. Nasema ukweli ili uniume: hakuna aliyeshuka kumsemea, na mimi nikiwemo. Mwisho alirudi, kakaa kiti cha nyuma yangu, njia nzima hakusema neno.

Naelewa wanakotokea. Wakimbizi wa Burundi waliingia kwetu mwaka 1972, wakaingia tena 1993, kambi zikakaa miaka na miaka, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa kuzaliwa. Ila mpaka ulichorwa na wazungu kati ya watu waliokuwa wakioleana. Reli ya Mjerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, kabla ya mji mwingi mnaojidai nao. Tuko kwenye nchi hii kwa reli na kwa ziwa.

Na dagaa wa Kigoma mnawanunua Kariakoo kwa bei ya nyama, mnasifia hawana mchanga. Dagaa hawaulizwi uraia.

Dada_wa_Ufipa

Mkuu wa Kigoma, yule mama amenikaa moyoni. Kumbe mimi na ungo wangu niko peponi.

Mgogo_Kindakindaki

Dodoma. Zamani nikitaja mkoa watu walikuwa wananiuliza nimekuja mjini kuomba. Tangu serikali itangaze kuhamia huku mwaka 2016, kila mtu ana kiwanja Dodoma. Wiki iliyopita jirani mpya kaniuliza, kwa upole kabisa, "Na wewe ulihamia huku mwaka gani?"

Sina zaidi.

Binti_wa_Mgombani

Nimesoma kimya nikasema sitaandika. Ila naandika.

Sisi wa Kilimanjaro mnatutania Desemba kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Ni kweli tunakwenda. Nauli inapanda, mabasi yanajaa, barabarani magari yanafuatana kama siafu, na mkifika kuna mbuzi, kuna kisusio, kuna mbege kwenye kata inayozunguka kwa utaratibu wa umri. Utotoni nilikuwa nahesabu siku kuanzia Oktoba. Asubuhi ya baridi Rombo, moshi umelalia migomba, baba anatuonyesha: hapa kalala babu, hapa kalala bibi, hapa nitalala mimi, hapa kaka yenu.

Mwaka mmoja nikauliza, "Na mimi?" Akacheka. "Wewe utalala kwa mumeo."

Nikaolewa Machame. Miaka tisa. Ndoa ikavunjika, sitaeleza. Mama mkwe, ambaye wala hakuwa mbaya, akaniambia, "Rudi kwenu ukapumzike, mama." Nikarudi Rombo na watoto wawili na mabegi. Kaka yangu kanipokea vizuri, kanichinjia kuku. Siku ya nne mkewe kaniuliza lini narudi kwangu. Kwangu wapi? Kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba, ni cha kaka. Nyumba ya baba ni ya mdogo wetu wa mwisho, ndiyo mila. Najua sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume, na nimemsomea kaka vifungu. Kaka akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Sawa dada, sasa nikuonyeshe mgomba upi?"

Nimepanga Mbezi. Desemba bado nakwenda. Napanda basi na wanangu, nahesabiwa, nalala chumba cha wageni.

Njiapanda_Makambako (mleta mada)

Dada, asante kwa kuandika. Na mimi nilikuja na kilio cha cheti!

Kusini_Kwetu

Lindi. Nitakuwa mfupi kuliko barabara yetu.

Mvua za El Niño, 1998, niko darasa la sita. Natoka Dar na baba, basi likakwama kwenye tope baada ya kuvuka Rufiji kwa pantoni. Tulikaa siku tatu. Siku ya kwanza watu walikuwa wakali kwa dereva. Siku ya pili wakaanza kupika pamoja, mtu katoa unga, mtu katoa samaki mkavu. Siku ya tatu palikuwa na ndoa inapangwa, nakuapieni, mshenga akiwa konda. Mimi naikumbuka kama sikukuu. Baba aliikumbuka kwa sababu mama alikuwa hospitali Lindi akimsubiri na hela.

Daraja la Mkapa likafunguliwa mwaka 2003, ila lami kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kilomita sitini tu, ikachukua miaka mingine mingi, watu tukawa tunaitaja kama jina la ugonjwa. Hatimaye ikaisha. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, maji yakakata barabara palepale Somanga, kusini tukabaki kisiwa. Nimempigia baba, sasa mzee wa miaka themanini, kumuuliza hali. Anacheka kwenye simu: "Sasa ndiyo natambua niko nyumbani."

Na kitu kingine. Machinga mnayemfukuza barabarani, hilo ni jina la kabila letu. Mmelifanya jina la kazi, tena kazi ya kukimbizwa.

Karafuu_na_Mvua

Asalaam alaykum. Mie wa Pemba, n'ko Muscat mwaka wa kumi na moja sasa.

Kwanza, huko Bara kila mwenye duka na kofia mwamwita Mpemba, hata katoka Mafia. Tumezoea. Pili, kwa karatasi kwetu ni Mkoa wa Kaskazini Pemba, lakini sijapata kumsikia mtu akisema "natoka Kaskazini Pemba". Mtu husema Wete, Konde, Micheweni. Mkoa ni wa fomu.

Kwetu mimi ni saa ile mbingu inapofunga. Wakati wa karafuu mji mzima umeanikwa, majamvi mpaka ukingoni mwa barabara, na watoto twacheza lakini jicho moja liko juu. Likitanda wingu tu, mama anaita majina yetu yote kwa pumzi moja, mbio tukaanue. Mikono hunuka karafuu wiki nzima, hata wali unaonja karafuu. Siku moja nilichelewa kwa mchezo, jamvi zima likalowa. Baba hakunipiga. Alizitazama tu zile karafuu zikibadilika rangi, akaingia ndani. Bora angenipiga.

Hapa Muscat mvua hainyeshi kitu. Ikinyesha mara moja kwa mwaka, mie najikuta nishasimama mlangoni natafuta cha kuanua.

Dukani wanauza kopo limeandikwa karafuu za Zanzibar. Nawaambia kila mara, nyingi zatoka Pemba hizo. Muuzaji aitikia na kichwa, yeye Mhindi wa Kerala, nadhani na yeye ana kwao anakotetea.

Bandari_Salama

Sasa mleta mada, cheti kiliishaje? Umetuuliza halafu umekaa kimya.

Njiapanda_Makambako (mleta mada)

Nimempigia mama kumuuliza kama ana karatasi yoyote ya zamani. Kaniuliza, "Huyo karani mwenyewe kwao wapi?" Nikamwambia sikumuuliza. Akasema, "Kamuulize kwanza."

Nimeambiwa nipeleke kiapo cha mahakama kwamba Iringa ya kwenye cheti na Njombe ya kwenye kitambulisho ni mahali pamoja. Jumatatu naenda kuapa.

Mgogo_Kindakindaki

Jumatatu sikukuu mkuu.