Boxer: taa ya breki haizimi tangu nibadilishe usukani

Mwaloni Boda:
Wakuu habari za jioni. Nina pikipiki Boxer BM150, nabebea dagaa hapa Mwanza kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Igoma. Usukani wa mwanzo ulikuwa unaniumiza mgongo nikatafuta mwingine ulioinuka, fundi kaufunga umekaa vizuri tu, ila tangu hapo taa ya breki inawaka muda wote. Nikifungulia suichi ya funguo tu inawaka hata sijagusa breki ya mkono wala ya mguu. Fyuzi nzima, indiketa zinafanya kazi. Naogopa sana jioni pale Buzuruga foleni imebana, daladala liko nyuma yangu kabisa na dereva hana namna ya kujua saa hizi nashika breki au la. Nianzie wapi?

Nyegezi Kwetu:
Kata nyaya za swichi ya breki ya mbele mkuu, baki na ya mguu. Wengi tunatembea hivyo na maisha yanaenda.

Fundi Umeme Nyakato:
Kaka usikate kitu. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki hasa, ukiikamata yenyewe taa isiwake wa nyuma anakuingia. Tatizo lako linatafutika kwa mkono bila hata mita.

Ile swichi ya kwenye mkono wa breki ina kipini kidogo, mkono ukiwa umeachiwa unakikandamiza na umeme unakatika, ukivuta breki kipini kinatoka ndo taa inawaka. Sasa ukiinua usukani na waya wa breki ukabaki ule ule mfupi, unavutika, mkono haurudi mpaka mwisho, kipini hakikandamizwi, taa inabaki inawaka. Fungulia suichi, sukuma mkono wa breki kwa mbele na kidole. Taa ikizima, umeshapata jibu.

Isipozima, chomoa soketi ya swichi ya mbele. Bado inawaka? Chomoa na ya mguu, ile yenye springi karibu na pedeli. Zote mbili zimechomolewa na taa bado inawaka basi swichi hazina kosa, kuna waya umechubuka njiani. Hapo fungua taa kubwa maana nyaya zote za usukani zinaingia humo, halafu angalia pale usukani unapobanwa, mara nyingi waya unabaki chini ya chuma fundi anakaza nati juu yake. Na kwa kuwa fyuzi yako haiungui, waya wa umeme wa taa ya breki haujagusa fremu, umegusa waya mwenzake wenye moto, yaani wenye umeme.

Mama Samaki Igoma:
Mwanangu angalia na kile kikombe cha globu huko nyuma. Vijana wanaonibebea mzigo maji ya samaki yanachuruzika kwenye taa, ndani panashika kutu na zile ncha mbili zinagusana.

Fundi Umeme Nyakato:
Shikamoo mama, hilo nalo lipo kweli. Globu ni ile ya 12V 21/5W, ndani yake waya mwembamba wa watt 5 ni wa taa ndogo, wa 21 ni wa breki. Azime taa ndogo, breki ikizima nayo, kutu ndo mchawi. Ikiendelea kuwaka arudi huku mbele. Na usiiache hivyo kwa siku nyingi kaka, watt 21 mfululizo vibetri vyetu hivi vinachoka.

Mwaloni Boda:
Nimerudi wakuu. Mama shikamoo na asante, nimezima taa ndogo breki ikabaki inawaka, kikombe kisafi. Nikasukuma mkono wa breki hola, nikachomoa swichi zote mbili bado inawaka, nikazungusha usukani kulia mpaka mwisho ikazima, nikirudisha kati inawaka tena. Nimelegeza kile chuma kinachobana usukani nikakuta nyaya mbili zimelaliwa, ganda limepasuka mpaka shaba inaonekana na zimeshikana kabisa. Nimezitenganisha nikazungushia tepu nyeusi kila moja peke yake, nikazipitisha pembeni. Sasa hivi nikishika inawaka nikiachia inazima, mkono na mguu.

Fundi Umeme Nyakato:
Safi sana. Kabla hujafunga taa kubwa, washa injini gia ikiwa huru, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta, ikipanda yenyewe, waya wa mafuta nao ni mfupi, usitembee nao hivyo. Uangalie pia kama mkono wa breki una uchezo kidogo kila upande.

Mwaloni Boda:
Mafuta iko poa, ila kushoto mkono wa breki unakaza. Kesho kabla ya mzigo natafuta waya mrefu zaidi. Nyegezi Kwetu, na wewe rudishia ya mbele ndugu yangu, hizi foleni zetu ni zile zile.

Nyegezi Kwetu:
Nimekusoma. Jumamosi napita Nyakato, fundi nielekeze ulipo inbox.