Naomba ushauri: tudai ardhi kama Waaweer peke yetu au pamoja na Wabajuni?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni Mwaweer, jamii ndogo ya wawindaji wa msituni, wa Lamu Mashariki, pwani ya Kenya, na ni katibu wa kamati ya ardhi kijijini. Shirika moja la kutetea haki kutoka nje limejitolea kutusaidia, ila linataka tudai kama "watu wa asili", peke yetu. Wanasema lugha hiyo ndiyo inayosikika Umoja wa Mataifa tangu Azimio lake la Haki za Watu wa Asili la 2007, na wanatutolea mfano wa Waogiek wa msitu wa Mau walioishinda serikali ya Kenya katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, mwaka 2017.

Kinachoninyima usingizi ni majirani zetu Wabajuni, Waswahili wavuvi wa pwani hii. Wakati wa vita vya shifta, waasi waliotaka kujiunga na Somalia, miaka ya 1960, sisi tulitolewa msituni tukapangwa kando ya barabara, na Wabajuni nao wakakimbia vijiji vyao. Wengi wao hadi leo hawana hati. Tumeoana nao, tunazikana. Sasa maneno yameenea kwamba tunajitenga ili tupate viti, na uchaguzi wa 2027 uko njiani. Mzee mmoja aliniuliza, "Hawa wageni wakishaondoka, mtaishi na nani?" Sikuwa na jibu.

Tumejaribu kusajili ardhi kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, faili limekwama. Vikao viwili vya pamoja navyo havikuafikiana.

Naomba kujua: kuna jamii mliyoiona ikidai kwa jina lake bila kuvunja ujirani, na ilianzaje? Na tukisajili ardhi pamoja na Wabajuni, je, tutakuwa tumejifungia njia ya kwenda Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kama Waaweer baadaye?