Eti nimeandika INSHA! Jamaa wa ofisini kwetu Kigoma kafuta maelezo yote ya kanzidata

Wakuu, naandika huku natetemeka, makosa ya herufi mtayavumilia.

Yule bwana mnamjua, kila ofisi anaye. Anaingia saa nne na kikombe chake, funguo za chumba cha seva zinaning'inia kiunoni. Leo kikaoni, mbele ya meneja, mbele ya dada wa kaunta, mbele ya mlinzi aliyeleta maji ya kunywa, kanikazia macho: "Nimesafisha maelezo ya kanzidata. Vitu vinavyojieleza havihitaji insha."

INSHA!

Ushirika wetu wa akiba na mikopo una majedwali mengi kuliko nyumba za Mwanga. Tulikubaliana wote: watu wa mikopo waandike maelezo ya majedwali yao, yaani kila safu na kila alama ina maana gani, uhasibu waandike ya kwao, sisi wa TEHAMA tuyapitie kabla hayajaingia. Mama wa uhasibu, na kompyuta haipendi kabisa, alikaa na mimi hadi magharibi akinifafanulia alama moja moja. Kwenye safu ya hali_mkopo tukaandika: 1 unalipwa, 2 umechelewa, 3 umekwisha, 4 mdaiwa sugu, 5 umesimamishwa kwa sababu ziwa limefungwa. Hiyo 5 iliongezwa 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, wavuvi wakaachwa wapumue. Bila kuandikwa nani angeijua?

Sasa oneni alichoweka yeye. Safu ya hali_mkopo, maelezo: "hali ya mkopo". Safu ya tarehe_mwisho, maelezo: "tarehe ya mwisho". Mwisho wa nini? Wa marejesho? Wa dunia? Na kwenye PostgreSQL, programu inayoendesha kanzidata yetu, kila safu ina nafasi moja tu ya maelezo, ukiandika mapya ya zamani yamekwenda.

Kijana mpya wa mikopo kaona 5, kaona 5 ni kubwa kuliko 4, basi hao ni sugu kuliko sugu. Kawatumia wavuvi wa Kibirizi ujumbe wa kuwatisha. Asubuhi mzee mmoja kaja, magamba ya samaki bado mikononi, simu kaielekeza kwa mama wa uhasibu: "Mwanangu, hata mimi ni sugu?" Mama wa watu akakosa la kusema.

Baada ya hayo yote, kikaoni naambiwa insha! Mbele ya mlinzi!

Anyang'anywe zile funguo. Sitaki ushauri.

MpigaKasia: Nakaa hapa na kahawa yangu.

BintiGungu: Mlinzi alisemaje?

Mleta uzi: Alicheka! Ndiyo inayoniuma!

FundiSeva: Pole mkuu, ila inaonekana wote mnaingia kwa akaunti moja. PostgreSQL haimruhusu mtu wa kawaida kubadili maelezo ya jedwali lisilo lake. Kila idara ingepewa umiliki wa majedwali yake, angekwama. Halafu pg_dump, ile amri ya kutoa nakala ya akiba ya kanzidata, inabeba na maelezo, rudisheni kutoka kwenye bakapu.

Mleta uzi: Bakapu anazo yeye! Nikampigie magoti aliyeniita mwandishi wa insha?

MpigaKasia: Mkuu, uzi wenyewe una utangulizi, kiini na hitimisho. Jamaa ana hoja.

MtotoWaIsevya: Nyie angalau mlikuwa na cha kufutwa. Huku Tabora maana za alama zote ziko kwenye daftari, na daftari kaondoka nalo dada aliyehamia Nzega. Kuna wanachama wana "Z", hatujui ni zuio au zawadi. Tunapiga simu, hapokei.

BintiGungu: Watu wa Nzega na simu! Kuna mmoja nimempa hela ya asali tangu Ramadhani, mpaka leo "naingia kwenye basi".

MtotoWaIsevya: Asali unaagizaje Nzega? Asali ni Sikonge, dada yangu.

Mleta uzi: Jamani, tunaongelea kanzidata hapa. Kaniita mwandishi wa insha mbele ya watu!

MpigaKasia: Tulia kwanza, mwandishi. BintiGungu, ulitoa shilingi ngapi, na ndoo ni ya lita 20 au 10?