MREJESHO: Tairi za Bedford MK zimepatikana

Wakuu, mwezi jana niliuliza nitapata wapi tairi 12.00-20 za Bedford MK yangu, lori la zamani la jeshi la Uingereza. Kumbe nilihangaika bure kutafuta "tairi za jeshi". Wauza tairi za matipa hapa Arusha wanazo, saizi ile ile. Duka la kwanza walinionyesha zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Nilipopangusa ubavuni nikakuta 2311, yaani zilitengenezwa wiki ya 23 ya 2011, na mipasuko katikati ya kashata (meno ya tairi). Nikaondoka. Kwingine nimechukua 12.00R20 (R ni radial) nne pamoja na ya spea, tyubu na flapu mpya (mpira unaokinga tyubu isisuguane na rimu). Zile za zamani za nailoni, ambazo si radial, nimezitoa zote, sichanganyi aina hizo mbili kwenye ekseli moja.